Simba Aliyesukwa Twende Kilioni

Msusi Mashavu aliupakua wimbo mpya wa Kagoma bila ruhusa, akawa anaupiga saluni kwake kutwa nzima. Kagoma mwenyewe, mwanamuziki tajiri, alipita akausikia. Akarudi na askari.

“Huyu ni mwizi, hana tofauti na mwizi wa mbuzi. Mfunge!”

“Ushahidi uko wapi?” aliuliza Mashavu, vidole bado viko kichwani kwa mteja. “Au afande ananifunga kwa maneno matupu?”

Kagoma alitoa simu. Akaipiga picha spika, akampiga picha mteja, akaupiga picha na mlango, ambapo Mashavu alikuwa amemchora simba aliyesukwa nywele mtindo wa twende kilioni.

“Mwizi!” Mashavu alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. “Afande, kaniibia simba wangu! Nimemchora kwa mkono wangu, yeye kamchukua bila hata hodi!”

“Una wazimu wewe?” Kagoma alifoka. “Nimeiba nini? Simba wako si huyo hapo mlangoni, hajapungua hata unywele!”

“Umemsikia, afande? Sasa muulize wimbo wake umepungua nini.”

Askari alizitikisa pingu, kicheko kimembana.

“Haya, bosi. Nianze na nani?”