Ini la Mbuzi wa Shukrani

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana sindano za hospitali zilikwishafika, huko Upare alikuwako Mzee Kiangi. Siku moja watu wakiitwa kuchangia damu, mtani wake Ndemasi, Mchaga, akamchokoza hadharani.

"Mpare atoe damu? Huyu hata jasho lake hulianika, alitumie kesho!"

Kiangi akapandwa na hasira, akakunja shati, akatoa. Damu ikapimwa, ikakutwa na homa ya ini. Akapigwa picha ya tumbo, kikaonekana kivimbe kwenye ini. Wakapima zaidi: saratani, lakini ndiyo kwanza inaanza.

Mzee akajifungia ndani, akasema anangoja kufa. Mkewe, Mama Nakijwa, akazima moto jikoni.

"Matanga ya mtu anayepumua mimi siyapiki. Ukitaka kula, twende kwanza ukatibiwe."

Njaa ikamuuma, akaenda. Daktari akawaeleza taratibu.

"Mzee wangu, njia zipo. Tunaweza kukata sehemu yenye uvimbe, ila ini lako lina makovu, huenda litakalobaki lisihimili. Tunaweza kukupandikizia kipande cha ini la ndugu yako. Au tuuchome uvimbe kwa sindano ndefu, maana bado mdogo. Ila uvimbe huo unaweza kuota tena, kwa hiyo utapimwa mara kwa mara."

"Sindano ya kuniunguza tumboni? Siitaki!"

Hapo bintiye, Nakijwa, aliyefuatana nao, akasimama. "Basi nikateni mimi, baba apewe kipande cha ini langu."

Mzee akalia, jamani, mtu mzima akalia. "Mwanangu akatwe, mimi niogope sindano?" Akapanda kitandani. Kivimbe kikachomwa, na picha zilizofuata hazikukiona tena.

Akachinja mbuzi wa shukrani. Nyumbani kwake ini la mbuzi haligawanywi, hupewa mmoja tu, mheshimiwa wa siku hiyo.

Ndemasi akanyoosha mkono. "Bila mdomo wangu mngejua lini?"

"Shemeji, wewe ulitaka kumwaibisha tu," akasema Mama Nakijwa. "Mimi ndiye niliyemtoa ndani."

"Kwa njaa, shemeji!"

Nakijwa hakudai kitu. Shangazi yake akamsemea. "Huyu alitoa ini lake mwenyewe."

"Lakini halikuchukuliwa," mtani akajibu.

Mzee Kiangi kashika sahani, anawatazama mtani, mke na binti, na wote watatu anawapenda. Ini linapoa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, msaidieni: ampe nani?