Bibi Burulai na Misprusi ya Mlimani

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, pakawa yenu ivuke ng'ambo!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mbali kuliko mbali, kulikuwa na kijiji chini ya mlima wa theluji. Mlimani, juu ya kijiji, ilisimama misprusi, miti ndugu ya msonobari, majani kama sindano. Mirefu! Kunguru akianza kupanda angali kijana, anafika kileleni ana mvi. Na theluji yote ya mlimani iliiegemea misprusi ile, kama ng'ombe wanavyoegemea ua.

Mkuu wa kijiji, Jangibai, alikuwa anamwoza kijana wake. Akataka nyumba ya arusi ya kushinda nyumba zote. Akapanda mlimani na shoka, watu nyuma, aikate misprusi. Akatema mate viganjani.

Bibi Burulai, mkunga aliyewazalisha karibu wote pale, akamfuata na fimbo yake. Ko, ko, ko.

"Jangibai mwanangu, unakata?"

"Nakata, bibi. Usinizuie."

"Nani anakuzuia? Kata. Ila mila unaijua. Anayeangusha mti, karamu yake huliwa pale pale kisikini, na watu wake wote. Bwana arusi, bibi arusi, na mkeo. Hapa, mgongo kwa mlima."

Jangibai akatazama juu. Theluji nzito, imening'inia. Akamwona mawazoni mwanawe ameketi pale na bakuli mkononi. Jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Bibi, mila tuiache mara hii. Karamu tuifanye chini, kijijini."

"Miti ikitoka, theluji itapita huko huko chini. Na huko tupo wote."

Mkewe Jangibai, aliyekuwa kati ya watu wale, akaangua kicheko. "Loo, mume wangu! Watoto wa wenzio wafukiwe, wako wale nyama?"

Jangibai akalishusha shoka begani. Halijagusa hata gome.

Arusi ikafanyika kwenye nyumba ile ile ya zamani. Watu walibanana hata moshi wa jikoni ukakosa pa kutokea. Katikati ya kula, mlima ukaachia theluji. Gudugudugudu! Gwaaa! Mabakuli yakacheza. Misprusi ikainama, ikalia kwaa, kwaa, haukukatika hata mmoja. Theluji ikakwama juu kule. Kimya.

Jangibai akainuka, akachukua birika, akamnawisha Bibi Burulai mikono, yeye mwenyewe, mbele ya wakwe. Mkuu kumnawisha mkunga! Dunia nzima haijaona tena.

Basi, ukitaka kuondoa kinachowakinga wenzako, kwanza kaketi wewe penye pengo, na wanao pembeni. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeamini urefu wa miti ile, akapande.