Siwema Asema "Kweli"

Hapo zamani, zamani za kale kwelikweli, wanyama walipokuwa na mahakama zao na makarani wao, digidigi mmoja aitwaye Siwema alifungiwa mahabusu. Mahabusu yenyewe ilikuwa zizi la miiba, hatua chache kutoka mahakama ya bondeni. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, ti, ti, ti, yakilowesha vumbi.

Kwa maana, wajukuu zangu, Siwema alikuwa ameacha kichanga nyumbani. Binti yake, Tunu, alikuwa na siku tisa tu duniani, masikio laini kama majani machanga. Jirani yao, swala, alikuwa akimnyonyesha Tunu kidogo, baada ya watoto wake mwenyewe kushiba. Siku nyingine hawakushiba.

Kila alasiri mumewe, Chande, alipanda kilima cha ng'ambo akapiga mluzi wa puani: "Zwiki! Zwiki!" Hiyo ilikuwa na maana kwamba mtoto bado yu hai. Siwema alisimama kwa miguu ya nyuma amwone juu ya miiba. Aliona ncha za pembe tu. Kujibu alikatazwa. Alibaki amesimama hivyo mpaka miguu ikatetemeka, na pembe zikashuka upande wa pili wa kilima.

Kosa lake? Walisema ameiba maboga kumi na mawili ya Mama Ngiri. Siku ya harusi ya pundamilia, jua la utosini, bonde zima likiwa ngomani, shamba lilivamiwa. Mlinzi wa mashamba, kiboko aitwaye Mafungu, aliapa kwamba amemwona Siwema akitoka humo mbio. Na mlinzi akisema, nani atabisha?

"Kesho utasomewa shtaka," alisema Bi Kidawa. Huyu alikuwa nungunungu mzee, aliyelala mahabusu mara nyingi hata akaijua mahakama kuliko karani. "Hakimu atakuuliza neno moja tu: kweli au si kweli?"

"Si kweli! Sikuiba!"

"Ngoja kwanza. Ukisema si kweli, kesi inapangiwa tarehe. Mashahidi wataitwa baada ya mavuno. Mpaka hapo unakaa humu."

"Baada ya mavuno! Miezi mitatu? Tunu atakuwa amekufa."

"Ukisema kweli, kesi inakwisha siku hiyo hiyo. Ila wizi si kama kosa la kupiga kelele, la kupewa onyo tu. Ukitiwa hatiani unafukuzwa bondeni, wewe na nyumba yako."

Siwema akajikunja. Kukana ni kumpoteza mtoto. Kukubali ni kumtoa kichakani akamtembeze jangwani akiwa na siku tisa.

"Na nikishasema kweli, hukumu inatoka hapo hapo?"

"La. Kwanza mlinzi anasimama kusoma maelezo ya kosa. Nawe unaulizwa kama unayakubali. Ukiyakataa, hakimu anafuta ile 'kweli' yako na kuandika kwamba umekana."

Siwema aliinua masikio. "Mlinzi anasimama siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Asubuhi yake, kabla ya kesi, ardhi ilitikisika: du! du! du! Mafungu alikuwa anakuja. Aliinamisha kichwa chake kikubwa juu ya zizi akasema kwa sauti ya asali:

"Mama Tunu, mdogo wangu, unajitesa bure. Sema kweli tu, ukamnyonyeshe mtoto. Mimi mwenyewe nitakuombea msamaha."

"Ahsante, kaka. Mbona unanihurumia hivi?"

"Mimi roho yangu nyepesi. Mwenzio akilia, nami sishibi." Hapo hapo akacheua: beuuu!

Siwema alirudi nyuma. Pumzi ile bado ilinuka boga. Lakini harufu huichukui ukaipeleka mahakamani. Alichoweza kupeleka ni mdomo wa Mafungu mwenyewe, nao ungefunguka leo kwa njia moja tu.

Mahakama ilijaa. Hakimu Tembo alikuwa na kesi thelathini na alitaka kuzimaliza kabla ya jua kali. Kima alisema kweli, kwamba alipiga kelele harusini, akapewa onyo akaenda zake. Nyegere alisema si kweli, akarudishwa ndani akinguruma. Karani Korongo aliandika bila kuinua shingo.

"Siwema, mke wa Chande!"

Siwema alisogea mbele. Nyuma ya watu wote alimwona Chande, mzima mzima kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Alikuwa amekonda. Alimtazama mkewe kwa macho yaliyosema, nyumbani tunakungoja. Siwema alitamani kumrukia. Alitamani hata kumwambia neno moja tu, kwamba lile atakalolisikia sasa asiliamini.

"Unashtakiwa kuiba maboga kumi na mawili ya Mama Ngiri," alisema Tembo. "Kweli au si kweli?"

"Kweli, mheshimiwa."

Watu wakaguna: "Mmh!" Mama Ngiri akatema mate. Chande aliinamisha kichwa, akageuka, akaondoka taratibu bila kutazama nyuma.

Siwema hakuwa na nafasi ya kulia.

"Mlinzi, soma maelezo."

Mafungu alisimama, amejaa furaha mpaka masikio yanapepea. "Siku ya harusi, saa sita mchana, mshtakiwa alivunja ua, akaingia shambani, akala maboga yote kumi na mawili."

"Mshtakiwa, unakubali?"

"Nakubali, mheshimiwa. Ila naomba karani aandike sawasawa. Yale maboga yalikuwa mabaya."

"Mabaya?" Mama Ngiri aliruka.

"Machungu kama mwarobaini! Majimaji tupu. Mama Ngiri, pole sana, lakini kulima hujui. Nilipofika la kumi nikatapika."

Watu wakacheka. Mafungu hakucheka. Alimeza mate. Tumbo lake likalia: guru! guru!

"Na yale mawili ya mwisho," Siwema aliendelea, "yalikuwa magumu kama jiwe. Yule atakayeyasifu hajawahi kuonja boga."

"Muongo!" Mafungu alifoka. "Machungu yapi? Maboga matamu vile, yanayeyuka ulimini! Lile kubwa la pembeni mwa mfereji, lililofunikwa na majani, nyama yake nyekundu, tamu hata..."

Akanyamaza. Mahakama nzima ikamgeukia. Hata Korongo aliinua shingo.

Siwema aliuliza kwa upole, "Kaka Mafungu, lile la pembeni mwa mfereji, utamu wake umeujuaje?"

"Nili... nilisimuliwa."

"Na nani?" alinguruma Tembo. "Anayesema amekula anasema ni machungu!"

"Mheshimiwa," alisema Siwema, "sasa nayakataa maelezo. Mimi uzito wangu haufiki hata wa boga moja la Mama Ngiri. Nilisema kweli ili huyu asimame leo, si baada ya mavuno. Nina mtoto mchanga, mheshimiwa. Sina miezi mitatu."

Tembo akamwambia Korongo, "Futa 'kweli' ya huyu mama. Andika 'si kweli'. Mwachie." Akageuza mkonga. "Nawe, mlinzi. Kweli au si kweli?"

Mafungu alitazama huku, akatazama kule. Walinzi wenzake wa mashamba walikuwa wamemtenga, amebaki peke yake katikati.

"Kwe... kwe... kweli, mheshimiwa."

Hakusubiri hukumu, Siwema. Hakusikia hata vigelegele. Alikimbia, paru paru paru, akavuka mfereji, akapita kilimani, mpaka kichakani kwake.

Chande alikuwa anakusanya nyasi za kulalia, tayari kwa safari ya kufukuzwa.

"Nimekusikia kwa masikio yangu," alisema, bila kugeuka. "Umesema kweli."

"Nilisema. Nilikuwa namtega Mafungu. Amejitaja mwenyewe mbele ya hakimu, Chande. Hatuendi popote."

Chande aliachia nyasi. Alimsogelea, akamgusa pua kwa pua. "Nilikuacha peke yako pale," alisema.

"Yupo wapi?"

Tunu alikuwa chini ya majani, mbavu zinahesabika. Siwema alinuka mahabusu, na mtoto alirudi nyuma hatua moja, akashangaa. Mama hakumlazimisha. Alilala chini, akangoja. Polepole pua ndogo ikasogea, ikanusa, ikapotea, ikarudi, ikapata chuchu. Siwema alifumba macho.

Basi wajukuu zangu, yeyote anayekuhimiza ukubali kosa lisilo lako, mchunguze yeye kwanza.