Jiwe Moja, Besi Mmoja, Wadai Watatu

Hapo zamani, kabla simu hazijajifanya zinajua njia kuliko wenyeji, kulikuwa na ziwa la milimani lililoitwa Tindwe. Maji yake baridi, ukingo wake tope tupu, na samaki wake besi, yule wa mdomo mpana anayemeza kwanza halafu ndiyo anajiuliza amemeza nini. Mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Katika tope lote lile kulikuwa na jiwe moja tu. Jiwe pana, kavu, lenye maji ya kina mbele yake na mahali pazuri pa kuegemeza mgongo. Na desturi ilikuwa hivi: atakayemtoa majini besi mkubwa kuliko wote kabla ya mvua za masika, huyo hukaa juu ya jiwe mwaka mzima. Wengine wote husimama topeni.

Kageha alikuwa amesimama topeni miaka tisa. Huyu alikuwa mama wa kibanda cha chakula: chai, maharage, chapati, na besi wa kukaanga siku akimpata, huyo ndiye aliyewavuta wateja. Baridi ya tope ilikuwa imemvimbisha magoti, akipanda ngazi mbili anapumzika mara tatu. Tabibu wa zahanati alimwambia, "Mama, mwaka mmoja zaidi kwenye tope hilo, ziwa utakuwa unalitazama kupitia dirishani." Kageha akamcheka tabibu usoni. Alipofika nyumbani akalia. Bila kuvua hapana kibanda, na bila kibanda hakujua angeamka asubuhi kufanya nini.

Ikawa ni lazima alipate jiwe, na ni lazima alipate mwaka ule ule.

Sasa, wavuvi wa Tindwe walikuwa na adabu zao, na mtu aliyezivunja hakusalimiwa mpaka mvua zinyeshe. Ya kwanza, usitupe mshipi wako juu ya mshipi wa mwenzako. Ya pili, usimuulize mtu samaki kampata wapi. Na ukimuuliza, ana ruhusa ya kukudanganya, wala si dhambi. Ya tatu, mtu akipiga kelele "Amekula!", wote mtoe mishipi yenu majini, hata kama wewe nawe unaguswaguswa, ili samaki wa mwenzako asijizungushe humo akaponyoka.

Na kulikuwa na besi mmoja mzee aliyeitwa Mtoza Ushuru. Kila mvuvi alikuwa amemwachia ndoana mdomoni, mmoja moja, mwingine tatu. Ukimtoa huyo, jiwe lako.

Kageha alifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya. Kiangazi baada ya kiangazi aliazima mtumbwi, akashusha chuma kilichofungwa kamba yenye fundo kila pima moja, akahesabu mafundo, akaandika. Pima mbili. Pima nne. Pima nne. Pima saba! Akayachora yote nyuma ya kalenda kuukuu: hapa magugu, hapa mchanga, hapa nguzo za boma la ng'ombe lililozama, na hapa, upande wa mawio, gogo kubwa chini ya maji. Jua likiwa kali besi hutafuta kivuli, na kivuli cha gogo lile Mtoza Ushuru alikuwa amekifanya sebule yake.

Lakini je, alama ya samaki aliitia kwenye gogo? Thubutu! Aliitia kule kwenye nguzo za boma, mitupo miwili ya mshipi kutoka kwenye gogo, mahali ambapo kwa miaka tisa hakuwahi kuona hata mkia. Halafu akaipigilia ramani ukutani kwa misumari minne, watu waione.

Alifanya hivyo kwa sababu ya Ndeda. Ndeda alikuwa kijana mtanashati, mdomo mrefu, anayekula maharage ya Kageha huku macho yakiwa ukutani.

Asubuhi moja Kageha alifungua kibanda akakuta misumari minne, ramani hakuna. Alicheka mpaka chai ikafurika jikoni.

Ndeda alikuwa na ramani, ila vifaa vyake vilikuwa aibu. Akaenda kwa Fundi Agufa, mtengenezaji wa ndoana na chambo. Agufa huyu aliogopa maji kiasi kwamba hata kuoga alioga kwa kikombe. Akampa Ndeda kijiko cha bati kilichokatwa mpini, kimetobolewa, kimefungwa ndoana na unyoya wa kanga.

"Sikiliza, kijana," Agufa akasema. "Mshipi mwembamba, maji yale ni maangavu, anauona. Fundo lako lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, la sivyo linajiunguza lenyewe kwa ndani na kuachia. Ukitupa, usivute kama unakimbizwa. Kiache kijiko kizame, hesabu saba, ndipo uvute kidogo. Besi hukila kikiwa kinaanguka."

"Nimeelewa, Fundi. Nikulipe nini?"

"Samaki akitoka, taja jina langu kabla ya lako."

"Basi tu?" Ndeda akaapa, akaondoka. Lile la mate hakulisikia, alikuwa anajitazama kwenye kijiko.

Siku ya mwisho ikafika. Mzee Kisia, aliyekuwa amelikalia jiwe mwaka ule, alikuwa amejilaza juu yake kama anayeaga kitanda. Ndeda akasimama mbele ya nguzo. Agufa akakaa mbali na maji, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri kutajwa. Na Kageha akaingia topeni upande wa mawio, magoti yakimlilia, akatupa chura mzima ng'ambo ya gogo, akaanza kumvuta polepole.

Akamwona. Chini ya chura, kivuli kirefu kama mkono wa mtu mzima, kinapanda, kinapanda, mdomo unafunguka. Kageha akasahau kupumua.

"Amekula!"

Sauti ya Ndeda hiyo! Kumbe kijiko kimenasa kwenye nguzo, naye kwa kiherehere akadhani ni samaki. Wavuvi wote wakatoa mishipi yao. Kageha naye akamtoa chura majini mbele ya mdomo wa Mtoza Ushuru. Miaka tisa, jamani! Akaona mkunjo wa maji ukikata kwa hasira kuelekea kwenye nguzo. Hakuna mwingine aliyeuona, wote walikuwa wanamtazama Ndeda akipigana na mti.

Kijiko kikanasuka. Kikaanza kuzama, kinametameta. Moja, mbili, tatu.

"Amekula! Safari hii kweli!"

Ufito ukapinda, mshipi ukaimba, Ndeda akarudi nyuma, akaenda mbele, akamleta besi mpaka maji ya magotini. Hapo ndipo lile fundo kavu lilipoachia. Samaki akageuka kwenda zake.

Na Agufa je? Agufa, anayeoga kwa kikombe, aliruka kutoka kwenye ndoo yake, akaanguka kifudifudi majini, akamkumbatia Mtoza Ushuru kama ndugu aliyerudi kutoka vitani, akatoka naye huku akipiga mayowe kwamba anazama. Maji yenyewe hayakumfika kiunoni.

Walipomfungua samaki mdomo, kila mtu ukingoni akaikuta ndoana yake. Lakini jiwe lilikuwa moja.

"Jiwe ni langu," Ndeda akasema. "Mimi ndiye niliyesimama, mimi ndiye niliyetupa, na samaki alikula kwenye mshipi wangu."

"Jiwe ni langu," Agufa akasema. "Chambo changu. Kijana alikwisha kumkosa kwa fundo nililomwonya. Na desturi inasema atakayemtoa majini. Nani aliyelowa hapa?"

"Jiwe ni langu," Kageha akasema. "Ramani aliyoifuata ni yangu, ameiiba. Na chambo changu kilikuwa mbele ya mdomo wa huyu samaki. Nikamwachia kwa adabu, kwa sababu Ndeda alipiga kelele akiwa amevua nguzo. Halafu, Fundi, hebu nione hicho kijiko. Kina pengo hapa. Hiki ni cha kibanda changu!"

Agufa akatazama ndoo yake. "Nilikiokota, Mama."

"Ulikiokota kwenye sahani yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Ndeda naye akapata nguvu. "Mama, ramani nilichukua, sikatai, nipige faini ya kuni. Lakini alama uliitia kwenye nguzo, na wewe mwenyewe ukaenda kuvua upande wa mawio: ulijua pale hapana samaki. Ulitaka nivue nguzo! Sasa uongo wako umezaa samaki, ndiyo unakuja kudai mtoto?"

"Kudanganya mahali pa samaki si dhambi," Kageha akasema.

"Si dhambi," Mzee Kisia akadakia kutoka juu ya jiwe, taratibu, akifurahia. "Lakini mama mwanangu, hicho kivuli chini ya chura wako, nani mwingine alikiona?"

Kageha akatazama uso mmoja baada ya mwingine. Hakuna. Neno lake la pekee la kweli msimu ule, na lilikuwa halina shahidi.

Mzee Kisia akajinyoosha. "Mimi nasema hivi. Samaki apikwe. Kifuniko kikifunguliwa kabla nyinyi watatu hamjakubaliana, mwaka huu hakuna mshindi, na mimi naendelea kukaa hapa hapa. Nimeshapazoea."

Basi Kageha akampika, maana nani mwingine angempika? Kitunguu, nyanya, chumvi. Wakabishana. Alipoona mchuzi unachemka akavuta ukuni mmoja nje. Wakabishana tena. Akavuta wa pili. Agufa, bado analowanisha ndoo, hataki kuachia. Ndeda hataki kuachia. Kageha amepiga magoti kando ya jiko, magoti yale yale, na hajui tena atainukaje. Moto umebaki makaa, lakini harufu imejaa kibandani, watu wamekwisha kunawa mikono, na Mzee Kisia anakuja na sahani yake.

Mkono wa Kageha uko juu ya kifuniko. Aliyechora ramani ya uongo akatii adabu ya kweli, aliyeiba akavua, aliyeokota kijiko cha watu akalowa kwa ajili ya samaki ambaye si wake. Semeni nyinyi, na mseme upesi, ugali umeshaiva: je, nani alistahili jiwe?