Ushuru wa Nyati na Shamba la Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri, leo mmeshiba! Sogeeni basi. Hapo zamani za kale, mawe yangali laini, paliishi Kanga na vifaranga wake. Alilima mtama kwenye changarawe. Alifukua peke yake, paru! paru! paru! Akavuna kidogo, akauza ghali.

Ng'ambo ya mto waliishi Nyani, wenye udongo mweusi wenye rutuba. Wakavuka na vikapu vya mtama, chubwi! chubwi! Wakauza rahisi. Sokoni hakuna tena aliyemtazama Kanga.

Kanga akamwendea Nyati, mkuu wa bonde.

"Nimekwisha, baba! Nikiacha shamba, wanangu watakula nini?"

"Ngoja," akasema Nyati.

Nyati akasimama kivukoni. Kila kikapu cha Nyani kilichovuka, nusu ikaenda ghalani mwake. Huo ndio ushuru. Nyani wakapandisha bei. Kanga akauza mtama wake wote, akacheka mpaka madoadoa yakatikisika.

Jioni, hodi! Panya huyo, na watoto wake, na bakuli tupu.

"Shoga yangu, mtama wa Nyani ghali, wako ghali. Hawa niwape nini?"

Kanga akawatazama wale watoto, akawaona wanawe. Akawapa uji. Asubuhi akarudi kwa Nyati.

"Ahsante, baba, umenilinda. Ila umenilinda kwa njaa ya Panya. Toka mtoni, uje shambani tulime pamoja."

Nyati akanuna. Ghala lilikwisha kumnogea! Lakini akatoka.

Wakaenda wote kwa ujima. Nyati akaleta samadi, jirani yao Fuko akachimba, Panya akapalilia. Paru! paru! paru! Migongo ikawauma, wakanung'unika weee! Lakini mtama ukajaa, bei ikashuka.

Siku ya soko, Kanga na Nyani wakauza bei moja. Panya akavipita vikapu vya Nyani, akasimama kwa Kanga.

"Mbona umekuja kwangu, shoga, na bei ni ile ile?"

"Huu nimeupalilia mwenyewe."

Kanga akalia kwa furaha. Akapika chungu kikubwa, akawashukuru mmoja mmoja, kuanzia Panya.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaosinzia: mkulima wetu tumlinde. Ila ushuru humwumiza zaidi mwenye bakuli tupu, na msaada wa shambani hutuchosha sote. Tukichoka pamoja, tushukuriane. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeitaka ndefu zaidi, kwanza akapalilie.