Mtoto wa Nakijwa Apewe Jina la Nani?

Sogeeni karibu. Leo nina mtoto aliyefikishwa kanisani bila jina, na siondoki hapa mpaka mnisaidie.

Huko milimani Upare aliishi Nakijwa, mama aliyekwisha kuzika vichanga wawili. Aliposhika mimba ya tatu, daktari alimwambia, "Mama, ukimtaka mtoto huyu, lala. Usichote maji wala usilime mpaka ujifungue." Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya miwa. Basi kina mama watatu, Eliapenda, Tabea na Damari, wakasimama kanisani wakaahidi kumhudumia. Naye akaahidi moyoni: akizaliwa msichana, atampa jina la aliyemhudumia kwa uaminifu.

Eliapenda alijaliwa furaha. Alipanda kilima na ndoo kichwani, akafua mashuka na kumwaga choo cha mgonjwa huku akiimba pambio. Nakijwa alipoona aibu, Eliapenda alimwambia, "Kwani mimi siendi chooni?" Wakacheka. Bila yeye, Nakijwa angeinuka kuteka maji mwenyewe.

Tabea alijaliwa mkono wa mapishi. Ila yeye na Nakijwa walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, na hawakupatana. Aliweka bakuli la uji kwa kishindo: "Kunywa." Nakijwa akitapika, Tabea alisonya, akarudi jikoni, akapika upya. Hakukosa kuja hata mvua iliponyesha.

Siku moja Nakijwa akashindwa kuvumilia. "Mbona unakuja, na hunipendi?"

"Nilimwahidi Mungu. Kukupenda bado najaribu. Kunywa, unapoa."

Damari yeye alijaliwa maneno. Alikaa kitandani pa Nakijwa, akamkanda miguu, akamsimulia vituko vya kijiji mpaka hofu ikamtoka. Kisha akaacha kuja, bila hata kuaga. Nakijwa alimngoja, akalia, akakata tamaa.

Mimba ilipokaribia kutimia, asubuhi moja Damari akatokea mlangoni. "Nilichoka, dada. Halafu nikaona aibu kurudi." Kabla Nakijwa hajajibu, Damari aliona damu kwenye shuka. Wenzake wawili hawakuwapo. Alitimka akipiga yowe hadi barabarani, akarudi na wanaume na machela.

Hospitalini akazaliwa msichana, mzima kabisa. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo, tungewazika wote wawili. Na bila chakula kile na mapumziko yale, mama asingestahimili kupoteza damu nyingi hivyo."

Siku ya ubatizo ikafika. Mume, aliyekuwa amerudi kutoka mashamba ya miwa, akasema, "Aitwe Eliapenda, aliyetumika kwa moyo mkunjufu."

Mama mkwe wa Nakijwa, aliyekuja kwa ubatizo, akakataa. "Kumtumikia unayempenda ni kazi gani? Aitwe Tabea."

Moyo wa Nakijwa ulimvuta kwa Damari, kwa jinsi ilivyomgharimu kurudi kwenye mlango alioukimbia. Lakini aliyeondoka, ataitwaje mwaminifu?

Mbele ya kanisa, Mchungaji akamwambia kwamba jina ni moja tu. Wale watatu walikuwa kwenye benchi moja. Eliapenda alikuwa akimchekea mtoto. Tabea alitazama sakafu. Damari alikaa pembeni kabisa, karibu na mlango.

"Mama, mtoto huyu anaitwa nani?" Mchungaji akauliza, mkono umeshaingia majini.

Nakijwa akamtazama mwanawe, akafungua kinywa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: ungekuwa wewe umembeba mtoto yule, ungetamka jina gani?