Vigingi vya Bandari ya Hallet

Wahenga hawakusema kwamba kufa macho ni raha. Walisema ni heri tu, na heri hiyo ina machungu yake. Aliyepofuka hushikwa mkono akaongozwa; aliyekufa moyo ataongozwa na nani, tena hadi lini?

Mwaka ule Waingereza na Wafaransa walikuwa wakichinjana baharini. Taifa letu la Marekani, changa hata meno halijaota vizuri, lilitangaza kwamba vita hivyo halimo. Halimo! Kila upande ukatujibu kwamba asiye wake ni adui yake.

Basi manowari ya Kifaransa iliyotobolewa ikajikokota hadi bandarini kwetu Hallet kuziba matundu. Kesho yake manowari ya Kiingereza ikatia nanga nje, nyuma ya mafungu ya mchanga. Kati ya hizo mbili palikuwa na mkondo mwembamba uliopindapinda, tuliouwekea vigingi vya msonobari vya kuonyesha njia ili mashua zetu zipite. Mchanga wetu huhama kila dhoruba. Bila vigingi, hata sisi wenyewe hatutoki.

Luteni wa Kiingereza alikuja na bendera nyeupe. Walikuwa wamekamata mashua ya mjane wetu, Bi Keturah Nye, pamoja na mwanawe Asahel na wavuvi watatu.

"Viacheni vigingi hadi maji yajae kesho," akasema. "Tuingie tummalize Mfaransa, nanyi mtapata watu wenu na mashua. Mkituzuia, shauri yenu."

Mji ukakutana kanisani kupiga kura kwa mikono, kama ilivyo desturi yetu. Nahodha Mfaransa naye akajipenyeza. "Ving'oeni, rafiki zangu! Nikishapona mtavirudisha, nitoke niwafuate mbwa hao."

Bwana Elnathan Crowell, mfanyabiashara wa chumvi, akasimama. "Jamani, mkono usioweza kuukata, ubusu. Wenzetu wana mizinga chungu nzima. Sisi tuna nini? Samaki chewa wakavu!"

Bi Keturah hakuwa na kura, maana wanawake hawakupewa. Akasimama hivyo hivyo. "Leo ubusu wa Mwingereza, kesho wa Mfaransa. Mdomo wako hauchoki, Elnathan?" Watu wakaangua kicheko. "Aliyeshikwa ni mwanangu. Mashua ni yangu, na sina nyingine. Nasema ving'olewe vyote! Yule asiingie kuua, na huyu asitoke kwenda kuua mpaka atukabidhi baruti yake. Hapa ni kwetu!"

"Mama, unanionea!" Mfaransa akalalamika.

"Nakuonea wapi? Umekunywa maji yetu bure. Kaa kitako!"

Mikono ikainuka kanisa zima, hata wa Elnathan, ingawa shingo upande. Alasiri ile maji yalipokupwa, mji mzima ulishuka matopeni. Bi Keturah ndiye aliyeng'oa kigingi cha kwanza, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Kesho yake Mwingereza alijaribu kupita kwa kubahatisha, akapanda fungu, akajinasua kwa taabu. Kwa hasira akaichoma mashua ya mjane mbele ya macho yetu, kisha akatweka matanga akaenda zake. Wavuvi watatu aliowaachia walirudi kwa kidau. Asahel hakuwamo.

Bi Keturah akamkamata mkono mzee Jabez, mmoja wa wale watatu. "Mwanangu yuko wapi?"

"Wamemchukua kwa nguvu awe baharia wao. Walimwambia akiwaonyesha njia watamwachia. Akawajibu wakaulize chewa."

Bi Keturah akacheka. Akacheka na kulia kwa pamoja, hadi tukamshika asianguke.

Mfaransa hakurudishiwa vigingi mpaka alipoteremsha baruti yote nchi kavu. Siku tulipokuwa tukivichomeka upya, Elnathan alimsogelea Bi Keturah, akamwambia kwa upole, "Dada, ungeviacha, leo ungekuwa na mwanao."

"Ningekuwa na yupi?" akamjibu, na nyundo yake haikusimama. "Huyo aliyewajibu vile nisingekuwa naye. Mimi naye tumekatwa tukatengana, Elnathan, lakini hatukubusu mkono wa mtu. Heri kufa macho kuliko kufa moyo."